Bahasha za Jumatano

Jina la Raksha Vaghela limechapishwa mara thelathini na moja katika majarida ya fizikia, na mara zote liko mwishoni kabisa, kwenye ile sentensi ya shukrani ambayo hakuna anayeisoma. "Tunamshukuru Bi R. Vaghela kwa mahesabu." Basi. Waliotajwa juu walipata uprofesa, na mmoja wao ana ukumbi wenye jina lake. Nimezitafuta makala zote thelathini na moja, nikazichapisha na kuzifunga kwa uzi. Mtu asidhani nilifanya hivyo kwa wema. Nilimkosea mama huyu, na sikujua pa kuanzia.

Alizaliwa Kisumu mwaka wa 1948, katika vyumba vya nyuma ya duka la vitambaa la baba yake. Kigujarati alikisema mezani, Kiingereza shuleni, na Kiswahili kwenye kaunta, na mpaka uzeeni Kiswahili chake kilikuwa cha kaunta: cha haraka, chenye kejeli, kisichokubali kupunjwa. Februari ya 1968, Wahindi wa Kenya wenye paspoti za Uingereza walipokuwa wakikimbilia ndege kabla Uingereza haijawafungia mlango, akafika Birmingham na sanduku moja na cheti chenye alama za juu kabisa za hesabu. Kiwanda kimoja kikampa kazi ya kufunga skrubu kwenye maboksi. Alifunga skrubu miezi minne. Halafu akaona tangazo kwamba idara ya fizikia ya chuo kikuu inatafuta wasichana wa kukokotoa.

Wasichana wa kukokotoa walikuwa ndio kompyuta ya siku zile, au sehemu yake. Walikaa na mashine za mkono na penseli, na utaratibu wao ulikuwa mkali. Hesabu moja ilipewa wasichana wawili, katika vyumba viwili, na hawakuruhusiwa kuzungumza. Kila mmoja alitia jibu lake kwenye bahasha. Kisha mtu alizifungua zote mbili na kuzisoma kwa sauti. Zikilingana, jibu lilipelekwa kwa wakubwa. Zisipolingana, wote wawili walirudi kuanza upya, na hakuna aliyemwambia mwenzake "umekosea". Walisema "hazijapatana", mpaka kosa lionekane kwa macho. Raksha aliniambia adabu alijifunza zaidi pale kuliko hekaluni.

Mimi ni Najmo. Nilizaliwa Isiolo, nikasoma Nairobi hadi nilipofika miaka kumi na minne, tukapitia Uholanzi, na hatimaye mimi na mama tukatua Nechells, kwenye ghorofa inayotazama maghala. Vuli ya 2015 nilianza shahada ya uzamifu katika idara ile ile, upande wa nadharia. Wiki ya pili mashine ya fotokopi ilimeza karatasi yangu, nikaitukana kwa Kiswahili nikijua hakuna anayenielewa.

"Mshenzi wewe, rudisha karatasi yangu!"

"Usiitukane, beti," sauti ikasema nyuma yangu. "Fungua kile kimlango cha chini, uvute polepole. Huyo ukimtukana ananuna."

Nikageuka. Mama mfupi wa Kihindi, sweta juu ya sari, chupa ya chai kwapani. Alikuwa amestaafu miaka mitano nyuma, lakini kila Jumatano alikuja kusikiliza mhadhara wa idara, akakaa safu ya pili, na mhadhiri akiandika mlinganyo wenye kasoro, yeye alikohoa. Wenyeji wa idara walikijua kikohozi kile na walikiogopa.

Tangu siku ile nikamwita Anti Raksha, naye akaniita beti, yaani binti.

Kazi yangu, kwa asiyeijua, ni ya ajabu kidogo. Tunachunguza jinsi viini vya atomu vinavyogongana ndani ya nyota, na hatugusi kitu chochote. Ndani ya nyota vinagongana kwa nguvu ndogo mno, na kuungana kwao ni jambo la nadra. Ukitaka kuliona maabarani kwa nguvu ile ile utakaa miaka ukingoja tukio moja. Kwa hiyo wanaopima wanapima pale wanapoweza, kwenye nguvu kubwa zaidi, halafu sisi wa nadharia tunakokotoa mstari kuushusha mpaka pale nyota zinapoishi. Wao wanatuita watu wa kubahatisha. Sisi tunawaita mafundi bomba. Chai tunakunywa pamoja.

Sehemu yangu ilikuwa mgongano mmoja tu: kaboni ya aina nzito kidogo inagongwa na heliamu, inabaki oksijeni, na nyutroni moja inatoka. Nyutroni hizo, katika nyota zilizozeeka, ndizo zinazojenga vitu vizito, ikiwemo risasi iliyomo kwenye betri ya gari. Kuna njia mbili ambazo mgongano ule unaweza kupitia, na njia hizo ama zinasaidiana ama zinakatana. Yaani katikati yake kuna alama moja: ya kujumlisha au ya kutoa. Ikiwa kujumlisha, nyota inapata nyutroni nyingi. Ikiwa kutoa, inapata chache. Miaka mitatu ya ujana wangu ilikuwa inatafuta alama ile.

"Na nani anakokotoa upande wa pili?" Anti Raksha aliniuliza nilipomweleza.

"Hakuna. Nina kompyuta, Anti."

"Kompyuta ni yako. Ukikosea wewe, itakosea pamoja nawe, kwa utiifu." Akafunga chupa yake ya chai. "Nipe hizo equation. Nitafanya kwa mkono."

Nilicheka. Sikuwa mjinga tu, nilikuwa mjinga mwenye kicheko. Wiki tatu baadaye alikuja na bahasha, akanitaka nitoe yangu, na jibu lake lilikuwa sahihi mpaka tarakimu ya nne huku langu likiwa limekosea ya pili.

Hivyo ndivyo bahasha zetu za Jumatano zilivyoanza. Yeye alikokotoa kwenye meza ya jikoni kwake Harborne, kwa penseli, katika madaftari makubwa ya mistari. Mimi nilikokotoa kwa mashine. Tulikutana chumba cha chai na tulipokezana zamu ya kusoma: Jumatano hii mimi nafungua zote mbili na kusoma kwa sauti, ijayo yeye. Kisha alibandika bahasha yake kwenye daftari kwa gundi. Juu ya kila ukurasa aliandika maneno yale yale kwa Kiswahili: "Wa nje kwanza, wa ndani baadaye." Niliyaona nikadhani ni mazoea ya kizee. Maana yake ni hii. Katika hesabu zetu unaunganisha mizunguko miwili ya chembe, ule wa nje na ule wa ndani, na lazima useme unaanza na upi. Ukibadilisha mpangilio, tarakimu zote zinabaki zilivyo, ila alama inageuka. Alisema mwaka wa 1971 aliona kiangazi kizima cha watu wanne kikipotea kwa sababu hiyo. Mimi nikaitikia kwa kichwa, nikaendelea kula biskuti.

Machi ya 2017 alipelekwa kliniki ya kumbukumbu. Mume wake alikuwa amefariki zamani, na bintiye wa pekee, Amrita, anaishi Leicester. Ugonjwa wa kusahau ulikuwa umeanza. Wiki ile aliniita tukakae kwenye mkahawa wa High Street karibu na kwake, na nilijua ni jambo zito kwa sababu hakuwahi kulipia chai maishani mwake.

"Daktari ananiambia nichore saa," alisema. "Ananiuliza leo ni siku gani. Mimi siku sijali, nilikuwa sizijui hata zamani. Mimi nitajijua kwa hesabu. Unanisikia? Siku bahasha zikikataa, na kosa likiwa langu, uniambie pale pale. Siku hiyo nitampigia Amrita, nitafunga nyumba mwenyewe kwa mkono wangu. Sitaki kufungiwa."

"Anti, usiseme hivyo."

"Nasema hivyo. Amrita ananipenda, hawezi kuniambia. Daktari hajui hesabu. Umebaki wewe. Na usinihurumie. Wa kunihurumia ninaye tayari."

Nikamwahidi. Akataka niseme wallahi. Yeye Mhindu, lakini amekulia Kisumu, jirani na msikiti, na uzito wa neno lile aliujua vizuri. Nikasema wallahi.

Miezi saba ilipita na bahasha zikapatana kila mara. Majina yalimtoroka, funguo zilimtoroka, mara moja alishuka basi Castle Vale, mwisho mwingine kabisa wa mji, akanipigia simu akicheka kwa hofu. Lakini tarakimu zilikuwa zake. Kila nikisoma "zimepatana" alipiga makofi mara moja, na kwa wiki nzima alitembea kama mtu aliyepewa barua ya kuachiliwa.

Kisha ikaja Oktoba. Jumatatu ya tarehe kumi na sita mwaka ule dunia nzima ilitangaziwa kwamba nyota mbili zilizokufa zimeonekana zikigongana, na kwamba katika mgongano ule dhahabu na ndugu zake zilikuwa zikizaliwa. Idara yetu iligeuka nyumba ya arusi. Watu wasiosalimiana miaka kumi walikumbatiana kwenye korido. Jumatano tarehe kumi na nane furaha ilikuwa haijapoa, na kesho yake ilikuwa Diwali, kwa hiyo Anti Raksha alikuja na mkebe mzima wa barfi, vile vitamutamu vya maziwa, amevaa sari ya kijani, ameng'aa.

Bahasha ya siku ile ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote. Ilikuwa ya alama.

Zamu ya kusoma ilikuwa yangu. Nilifungua yangu, nikaona ninachokijua: kutoa, sifuri nukta nne moja saba. Nikafungua yake. Sifuri nukta nne moja saba, kila tarakimu mahali pake. Na mbele yake, kwa penseli iliyokandamizwa, alama ya kujumlisha.

Nikainamisha macho nipate muda wa kufikiri, na hapo nikaona miguu yake. Kiatu kimoja cheusi, kingine cha buluu.

Naapa sikufikiri zaidi ya hapo. Nilijiambia: imefika. Hesabu nayo imeondoka. Haikunipitia akilini, mimi msomi, kwamba viatu havikokotoi. Haikunipitia akilini kwamba bahasha zikikataa tunasema hazijapatana, na wote wawili tunarudi kuanza upya. Huo ndio utaratibu wake wa miaka hamsini, na mimi niliuruka kwa sababu ya kiatu.

"Soma, beti. Mbona umenyamaza?"

Kwenye korido watu walikuwa wanacheka. Alikuwa ameshika kipande cha barfi, anangoja kunilisha, kama wanavyofanya wao kukiwa na heri.

"Kutoa," nikasoma. "Sifuri nukta nne moja saba. Na yako kutoa, sifuri nukta nne moja saba. Zimepatana."

Hakupiga makofi.

"Kweli?"

"Kweli, Anti."

"Wallahi?"

Na mimi nikasema wallahi. Akanilisha barfi, nikaimeza.

Bahasha niliificha mfukoni. Jumatano iliyofuata alikuja na daftari na gundi.

"Nipe bahasha yangu, nibandike."

"Imepotea, Anti. Nimetafuta kila mahali."

Daftari lilikuwa magotini mwake, limefungwa, kidole chake ndani ya ukurasa. Sasa najua kidole kile kilikuwa juu ya nini: alama ya kujumlisha, imezungushiwa duara. Hakunionyesha. Alijua kwamba nimesoma kitu ambacho hakukiandika, na alijua sababu moja tu inayoweza kumfanya Najmo amdanganye.

"Ah. Basi, si kitu," alisema. Akaniuliza habari za mama yangu, akanywa chai yake, akaosha kikombe. Hakurudi tena chumba kile.

Siku ya nne Amrita alinipigia simu. Yeye Kiswahili anakielewa chote, ila hujibu kwa Kiingereza.

"Mum rang me. She says she's ready to leave the house. Najmo, did something happen?"

"Hapana," nikasema. "Hakuna kilichotokea."

Januari ya 2018 nilikwenda Harborne kusaidia kufunga vitu. Chumba alichopata kilikuwa katika nyumba ya kulelea wazee, upande wa Solihull, chenye dirisha na nafasi ya rafu moja. Amrita alikuwa nje anapakia gari. Anti Raksha alikuwa jikoni anafuta ile meza, ingawa ilikuwa safi.

"Ulinihurumia," alisema bila kugeuka. "Nilikuomba kitu kimoja tu."

Nikalia. Nilimwomba msamaha kwa Kiswahili, kwa Kisomali, kwa lugha zote.

"Kosa lilikuwa kubwa?"

"Ilikuwa alama tu, Anti."

"Alama tu." Akaacha kufuta. "Beti, alama ndiyo jibu lenyewe." Kisha akanipa daftari la mwisho. "Chukua. Tafuta nilipopotea, uniambie ni mstari gani. Nisije nikaondoka bila kujua nilipotelea wapi."

Akafunga mlango wa nyumba yake mwenyewe, kwa mkono wake, akamkabidhi Amrita ufunguo. Alitembea hadi kwenye gari wima kabisa.

Daftari lile nililiweka juu ya kabati, nyumbani Nechells, na sikulifungua. Nilijiambia nina tasnifu ya kuandika. Ukweli ni kwamba niliogopa kuona akili yake ikianguka mstari kwa mstari. Nilipomtembelea aliniuliza, "Umepata nilipopotea?" Nikasema bado, Anti. Mwezi uliofuata akauliza tena. Bado. Aliuliza mpaka kiangazi kikaisha, kisha akaacha kuuliza, na mimi, Mungu anisamehe, nikashusha pumzi.

Machi ya 2019 makala yangu ilikuwa kwa wahakiki, yenye alama ya kutoa mbele ya kila kitu. Mhakiki mmoja, sijui ni nani wala wapi, akaandika swali la mstari mmoja: je, mwandishi ana hakika kwamba programu yake na jedwali alilolitumia vinafuata mpangilio mmoja wa kuunganisha mizunguko?

Nilisoma swali lile nimesimama. Nikapanda kiti, nikashusha daftari. Juu ya ukurasa: "Wa nje kwanza, wa ndani baadaye." Nikafuata mstari baada ya mstari, kurasa kumi na tisa, mwandiko haujatetemeka hata mahali pamoja, nikitafuta alipopotea. Hakupotea. Programu yangu niliirithi kwa watu wanaoanza na wa nje, na jedwali nililichukua kwa watu wanaoanza na wa ndani, nikavichanganya bila kuuliza. Kompyuta ikakosea pamoja nami, kwa utiifu.

Alikuwa sahihi. Siku ile ya viatu visivyofanana alikuwa sahihi kuliko sisi wote wenye shahada, na mimi nilimtoa nyumbani kwake.

Makala niliiandika upya. Jina lake liko juu, kando ya langu, mara ya thelathini na mbili. Niliichapisha, nikachukua daftari na ile bahasha ambayo sikuwahi kuipoteza, nikapanda treni.

Alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha. Amekonda. Aliniita sista, akadhani nimemletea dawa.

"Ni Najmo, Anti."

"Karibu, sista."

Nilipiga magoti nikamweleza yote. Nilisema nimepata, hukupotea, niliyepotea ni mimi. Alinisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesikiliza matangazo ya stesheni ya treni isiyo yake. Jina lake juu ya makala alilisoma, akasema zuri, akanirudishia. Hakulijua.

Nikaweka daftari magotini mwake na kulifungua. Hapo mkono wake ukasogea wenyewe. Kidole kikagusa maneno ya juu, kikashuka mstari, kikashuka mstari, midomo ikitikisika. Aligeuza ukurasa. Alichukua karibu saa nzima, na mhudumu alipoleta chai alimwashiria asubiri.

"Nani huyu?" aliuliza.

"Msichana mmoja wa Kisumu."

"Anaandika vizuri." Akafika chini, kwenye ile alama iliyozungushiwa duara. Akaigonga kwa ukucha. "Yuko sawa huyu."

"Yuko sawa, Anti."

"Mmemwambia?"

Nilikuwa nimeshika ukingo wa kiti chake kwa mikono miwili. Akanipigapiga begani, kwa upole wa mtu anayemtuliza mgeni.

"Mwambieni, sista," alisema. "Msimfiche. Atakuwa anangoja."